Kikohozi Ndani ya Spika

Mume wetu alipokufa alituachia nyumba mbili, wajane wawili na spika tatu. Nyumba moja tukaipangisha. Sisi wajane tukahamia pamoja kwenye ile nyingine, na spika akazichukua mke mwenzangu, akazipanga juu ya meza chumbani kwake kama watu wanavyopanga picha ya marehemu.

Zilikuwa spika za kompyuta, za zamani, rangi ya majivu. Mbili ndogo za pembeni, na sanduku la besi lililokaa katikati kama kuku anayeatamia. Mzee alikuwa na kibanda cha kuchapia watu barua na kuwawekea nyimbo kwenye simu. Kibanda kilipofungwa, kompyuta ilikuwa imekwisha kufa, zikaja nyumbani spika peke yake. Mimi niliona takataka. Mwenzangu aliona mume.

Kila alasiri alikuwa anazichomeka kwenye umeme bila kuziunganisha na kitu, si redio wala simu, kisha anakaa kitandani kusikiliza. Taa nyekundu inawaka. Sanduku linanguruma kidogo, mmmm, kama mtu aliyeshiba. Baada ya muda bi mdogo anatoka, uso umemnawiri kama aliyepakwa mafuta.

"Amekuja, dada. Amenisalimia."

"Kasemaje?"

"Hasemi. Anasalimia tu."

"Basi ni yeye kweli. Hata akiwa hai hakuwa msemaji. Hukumwuliza funguo ya kabati aliiweka wapi?"

"Dada, usimfanyie maiti mzaha."

"Maiti kaanza mwenyewe. Nani kamwambia arudi?"

Alikuwa ananirushia mtandio, nami nacheka, tunakwenda kupika. Sikumkataza. Kila mjane ana dawa yake. Yangu ilikuwa kulala kitanda kizima, mkono huku na mguu kule, bila kuombwa nisogee. Na sikuwahi kumwuliza hiyo salamu ilikuwaje. Nilidhani naijua. Mwanamume aliyeingia kwangu miaka yote ile, nisijue anavyobisha hodi?

Sasa siku moja zile spika zikafa. Nilikuwa uani nikasikia paa! kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikaja mpaka kwenye karo la kuoshea vyombo. Nilipoingia nilimkuta bi mdogo ameshika waya mkononi, taa imezimika, moshi mwembamba unatoka mgongoni mwa sanduku.

Hakulia, heri angelia. Alikaa mbele ya meza ile kama aliyefiwa upya. Chakula anakigusa kama anapima joto, anakiacha. Kaka yake, ambaye tangu mazishi alikuwa akimpigia simu ahamie kwake na kila mara anajibiwa bado, safari hii akajibiwa vingine. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Nitakuja, kaka. Nilikuwa nakaa hapa kwa sababu yeye anakuja hapa. Sasa nakaa namngoja nani?"

Na mimi niko mbele yake nachambua maharage, mtu mzima, mnene, naonekana hata na asiyevaa miwani. Namngoja nani!

Watu hudhani wake wenza huunganishwa na mume. Uongo. Mume ndiye aliyetugombanisha. Tulitukanana kwa ajili yake mpaka matusi yakatuishia. Alipoondoka tukagundua tunapenda chumvi ileile na tunachukia majirani walewale. Watoto wangu wako mbali na wana watoto wao. Bi mdogo akienda, nani atanikuna mgongo mahali mkono haufiki? Nani nitamwambia jambo la zamani akajibu, "Ee, na lile gauni ulilovaa"? Nyumba ile ingenimeza.

Lakini sikumwonyesha. Nikasema, "Ngoja kwanza tuzipeleke kwa fundi. Mgonjwa hazikwi kabla daktari hajatikisa kichwa."

Nikalibeba sanduku mwenyewe mpaka kwa Lehemu. Lehemu ni fundi wa redio pale njia panda. Jina alipewa kwa sababu vidole vyake vina alama za kuungua na ile waya ya lehemu inayoyeyuka. Akafungua skrubu za mgongoni, akapuliza vumbi, akatoa mende mmoja mkavu, akaguna.

"Mama, hii imekufa kifo kibaya. Ona kapasita, hivi vikopo vidogo, zilivyovimba vichwa. Na hii hapa ndiyo amplifaya yenyewe, ndiyo inayokuza sauti. Imepasuka tumbo."

"Ifufue."

"Haifufuki. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Lakini spika yenyewe ni nzima: karatasi haijachanika, sumaku ina nguvu. Nitaondoa roho ya zamani, nitaweka mpya."

Alitamka roho hivi hivi tu, kama mtu anayesema betri. Mimi mwili ukanisisimka.

"Hebu niambie, mwanangu. Hiyo ya zamani, ilikuwa inaweza kutoa sauti yenyewe bila kuwekewa wimbo?"

"Ilikuwa inatoa sana! Kapasita zikichoka inanguruma, inagotagota. Friji ya jirani ikiwaka, yenyewe inaitikia."

"Na hiyo mpya?"

"Mpya ni safi, mama. Kimya kama kaburi." Alijivuna kweli.

"Huna yenye uchafu kidogo?"

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Tangu nianze kazi hii, wewe ndiye mteja wa kwanza kudai uchafu."

Nilikaa kwenye stuli yake nikamtazama akifanya. Aliyeyusha lehemu, akang'oa nyaya moja moja, nyekundu na nyeusi, akazifunga fundo asisahau ya kulia na ya kushoto. Akatoa ile transfoma nzito kama tofali, kwa sababu saketi mpya, ile roho, haikutaka umeme wa aina yake. Akaiwekea chaja ya laptop iliyokufa. Saketi yenyewe ilikuwa ya kijani, ndogo kama biskuti, ina bati la kupozea moto lenye meno kama kitana. Nikamwuliza biskuti ile itawezaje kusukuma sanduku kubwa hivyo. Akasema ukubwa si kazi. Kifundo cha zamani cha kuongezea sauti hakikuingia kwenye mhimili mpya, akauviringishia karatasi ya gundi mpaka kikabana. Kisha akaweka wimbo. Mama wa ng'ambo ya barabara akafunga dirisha.

"Na ina blutuzi," Lehemu akasema. "Unapiga wimbo kwenye simu uko jikoni, spika zinaimba chumbani. Waya hakuna."

"Kuta haziizuii?"

"Ukuta mmoja, kuta mbili, inapita."

Akanifundisha. Nikamwambia anirudie pole pole, maana shetani wangu, ambaye tangu mazishi alikuwa amelala, alikuwa amefungua jicho moja.

Nyumbani bi mdogo alikwisha kuoga, amechana nywele, amejipaka manukato nyuma ya masikio. Akanipokea sanduku kama anapokea mtoto. Tukaunganisha nyaya, akachomeka.

Ikatoka sauti ya mwanamke. Nyororo, ya puani, ikatamka maneno mawili ya Kizungu, yale ya kutangaza kwamba blutuzi imewaka, ikanyamaza.

Bi mdogo alirudi nyuma akagonga kitanda. "Huyo nani?"

"Mke wa tatu," nikasema. "Kaoa hukohuko. Nilikwambia yule mtu hatulii."

Nusura acheke. Mdomo ulianza, macho yakakataa. Akanitoa nje, akafunga mlango, akakaa kungoja salamu yake. Nilipika, nikaosha sufuria, nikafua taulo lisilohitaji kufuliwa. Alipotoka manukato yalikuwa bado yananukia, lakini uso ulikuwa umeshuka.

"Hayumo, dada. Mmemtoa. Kile kilichokuwa ndani kiko wapi?"

"Fundi kakitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu."

"Basi," akasema. Akavuta begi chini ya kitanda. Kaka yake atakuja na gari Jumamosi, amempigia.

Siku iliyofuata, alipoondoka kwenda kuagana na watu wa mtaa wa pili, nikajifungia jikoni na simu yangu.

Mzee wetu mimi nilikuwa namwiga tangu zamani. Mwendo wake wa kutupa mguu, alivyosema "sikiliza, sikiliza" wakati hakuna anayeongea. Bi mdogo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ila kitu kimoja sikuwahi kukiiga mbele ya mtu: kikohozi chake cha mlangoni. Kabla ya kuingia kwangu alikuwa anakohoa. Kimoja kikavu, kirefu, kisha viwili vidogo, kama mtu anayeburuta kiti. Basi mlango unafunguka. Hicho sikukiiga. Hicho nilikuwa nimekiweka peke yangu, kama mtu anavyoficha kipande cha sabuni nzuri.

Nikajaribu. Cha kwanza kilitoka cha mbuzi, nikacheka. Cha pili kilitoka cha mgonjwa. Nikanywa maji, nikasimama wima, nikatupa mguu anavyoutupa yeye, nikashusha kidevu. Kikatoka.

Nilikuwa nimekwisha kufunga mdomo, lakini niliona kama kikohozi chenyewe hakijaisha. Niligeuka nikatazama mlango wa jikoni, kwa mazoea, mkono umekwenda kichwani kurekebisha kitambaa. Hapakuwa na mtu. Nikabonyeza simu nisikilize nilichorekodi. Sikusikia bibi kizee anayecheza jikoni. Nilimsikia mwanamume amesimama nje.

Ningekuwa na akili ningefuta palepale. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja.

Alasiri, bi mdogo akiwa bafuni anaoga, nikaingia chumbani kwake, nikachomeka spika, nikaunganisha simu kama Lehemu alivyonifundisha. Mke wa tatu akasema maneno yake, nikamfunika na mto mpaka akanyamaza, nikauondoa. Nikatoka. Bi mdogo akarudi, nikamsikia akifunga mlango, kitanda kikalia. Alikuwa amekaa kuziaga spika.

Nikiwa jikoni nikabonyeza.

Ee, jamani. Kwenye simu kilikuwa kikohozi tu. Ndani ya lile sanduku kilipata kifua. Kilipita ukutani, nikakisikia kwenye nyayo. Kirefu kikavu. Viwili vidogo. Vijiko vilivyokuwa kwenye bakuli vikagusana.

Nikategea masikio upande wa pili.

Nilitarajia kilio, au kicheko, au jina langu. Hakuna. Nikavua kandambili, nikatembea ukumbini kwa vidole, nikaweka sikio kwenye mlango wake. Alikuwa anaongea. Polepole, kwa sauti ya mtu aliyemfungulia mgeni akamkuta ni mgeni wa jirani.

"Umekosea mlango, bwana," alikuwa anasema. "Kwangu hukukohoa hata siku moja. Kwangu ulikuwa unagonga fremu ya mlango kwa pete yako. Tuk, tuk. Na juzi juzi hapa ulikuwa unagonga hivyo hivyo, ndani ya hili sanduku, mpaka lilipoungua. Huyu unayemkoholea si mimi."

Nikabaki na sikio mlangoni.

Akiwa hai tulikaa nyumba mbali mbali, kwa hiyo mlango wake sikuusikia. Yeye wangu aliusikia: nilipovunjika mguu alikuja kunihudumia, akalala kwangu wiki nyingi, akamsikia mzee akifika jioni baada ya jioni. Nikakumbuka yale maneno ya Lehemu, inagotagota. Ndiyo salamu aliyokuwa akipata mwenzangu. Na mimi nimempelekea salamu isiyo yake.

"Uliniambia mwenyewe," bi mdogo akaendelea. "Nilikuuliza mbona kwa dada unakohoa kama una kifua. Ukasema, kile kikohozi ndiyo jina lake. Ukasema, nikimwita kwa jina atajibu kwa mdomo, nikikohoa anakuja mwenyewe."

Miaka yote ile nilikuwa namchemshia maji ya tangawizi. Nikidhani ni vumbi.

"Kwa hiyo umekuja kumwita," bi mdogo akasema, na sasa sauti ilianza kupanda. "Sasa sikiliza, sikiliza. Mimi nilikuwa tayari. Ulinigongea kila siku, nikaoga, nikajipaka manukato, nikakaa kitandani kukungoja, hukunichukua. Nikasema sawa. Leo unamtaka yule? Yule ananikuna mgongo. Yule ananichekesha nisipotaka kucheka. Ukimchukua yule mimi namngoja nani?"

Spika hazikujibu. Zingejibuje, na simu ninayo mimi mfukoni?

"Humchukui. Umesikia? Mimi sikuogopi, nimekufulia soksi. Ondoka. Mwenye mlango wake hayupo."

Nikasikia plagi iking'olewa ukutani kwa nguvu, kisha kitu kizito kikaanguka.

Mlango ukafunguliwa ghafla, nusura niangukie ndani. Tukatazamana. Mimi miguu mitupu, yeye ana waya mkononi na nywele zimesimama. Nyuma yake sanduku la besi lilikuwa limelala kifudifudi sakafuni.

"Umekisikia?" akaniuliza.

"Nimekisikia." Hapo sikudanganya.

"Ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa unakuja, dada! Umekuja mpaka mlangoni bila viatu, kama anayevutwa!" Akanishika mkono, vidole vya baridi. "Akikohoa tena usiitike. Nimekwambia. Usiitike."

Ulimi ulikuwa na maneno yote. Ni mimi, mjinga wewe, ni simu hii hapa, nilitaka ucheke. Nikauona mdomo wake unavyotetemeka, nikaliona begi kitandani limekwisha kufungwa. Nikiyasema hayo, Jumamosi gari linakuja, na safari hii ataondoka na hasira juu. Nikayameza maneno kama mtu anavyomeza mfupa.

"Sitaitika," nikasema.

Akapiga simu kwa kaka yake nikiwa nimesimama palepale. "Usije, kaka. Dada anaumwa. Siwezi kumwacha."

"Naumwa nini?" nikamwuliza alipokata.

"Bado hujajua," akasema, akaenda kuchukua godoro lake.

Nikamsaidia kuliburuta mpaka chumbani kwangu. Lilikuwa jambo nililolitaka kuliko yote, na bado mlangoni nikageuka kutazama nyuma. Spika akazifunga kwa shuka kuukuu, akazifungia stoo, kitasa akakivuta mara mbili kuhakikisha. Mimi nikajifungia chooni nikafuta ile sauti kwenye simu. Kabla ya kuifuta nilitaka kuisikiliza mara ya mwisho. Kidole kilifika, kikakataa. Sikujua ningeisikiliza kama anayemcheka mwenzake au kama anayeitwa.

Sasa tunaishi hivi. Nikienda bafuni ananisindikiza, anakaa nje ananiimbia ili nijue yupo. Tukipumzika mchana anafunga pindo la gauni langu na pindo la mtandio wake, fundo gumu, namwambia nimeolewa tena. Anakula vizuri. Amenenepa, analalamika gauni linambana. Watu wa kwa kaka yake wanauliza hali yangu kwa sauti ya upole, wananitumia pole ya ugonjwa nisio nao.

Ila katika nyumba yangu mwenyewe siruhusiwi kukohoa. Pilipili ikinipalia, nakimbilia uani. Vumbi la kufagia, nafunika mdomo kwa kitambaa. Koo likiniwasha wakati wa kulala mchana, nalamba mate, namezea, machozi yananitoka, maana nikikohoa hata kidogo bi mdogo anaruka kama aliyemwagiwa maji. Mtu aliyemdanganya mtu kwa kikohozi akatazwe kukohoa: niliyoyataka ndiyo haya, na mchezo mzuri ndivyo unavyolipa.

Mvua zilipoanza nikapata mafua kweli. Alasiri moja tumelala, fundo limefungwa, mvua inagonga bati, kifua kikanikaba. Nikazamisha uso kwenye mto nikakohoa humo ndani, kikohozi kimoja tu, cha kizee, nikakizima.

Bi mdogo akakaa wima. Akanishika kifundo cha mkono. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango.

"Usiitike," akanong'ona.

"Ni mimi, bi mdogo. Nimekohoa mimi, nina mafua."

"Cha kwanza najua ni chako," akasema. "Nasema hivi viwili vya baadaye."

Nikamtazama nione kama ananichezea. Mwenzangu akifanya mzaha pua humtanuka. Haikuwa imetanuka.

Mvua ikaendelea. Nikalala kimya, kitambaa cha kichwa kimesogea, mkono ukinyanyuka wenyewe kwenda kukirekebisha. Nikaushika kwa ule mwingine, nikaurudisha chini ya shuka. Sikuitika.